Nani Atakayeshika Kamera? Mafunzo ya Filamu kwa Vitendo na Nafasi ya Askari

Yako mambo ambayo askari huyaona kila siku bila ya kuyatia maanani. Mojawapo ni kamera. Siku hizi hapana gwaride, wala kufuzu kwa makuruta, wala mazishi ya kijeshi, wala msako wa wezi wa ng'ombe, unaopita pasipo mtu aliyeinua mkono akirekodi kwa simu. Picha zimekuwa nyingi kama mchanga. Lakini mwombe ofisa wa uhusiano wa kikosi chochote akupe dakika tano za filamu safi, yenye sauti ya kusikika, yenye tarehe na mahali, inayofaa kuonyeshwa kwenye televisheni au kuwekwa mbele ya hakimu, nawe utamwona anakuna kichwa. Sisi tu miongoni mwa hao wanaokuna vichwa, na kwa hiyo tumeona yafaa leo tulichambue jambo hili la mafunzo ya filamu kwa vitendo: jinsi yanavyofanywa kwingineko, jinsi yanavyofanywa hapa kwetu Uganda, na lipi lawahusu watu waliovaa sare.

Haki yataka tuanze na kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, tungali maluteni, tulipewa amri ya kurekodi sherehe ya makadeti waliokuwa wakifuzu na kula kiapo. Kamera tulikuwa nayo, mpya, ya bei kubwa. Cheti pia tulikuwa nacho, kwa kuwa tulikuwa tumehudhuria semina ya siku tatu juu ya utengenezaji wa filamu. Katika semina hiyo mwalimu ndiye aliyeshika kamera, nasi tulishika kalamu. Siku ya sherehe upepo ulivuma tangu asubuhi. Maikrofoni ndogo iliyo juu ya kamera ikanasa upepo, bendi, na kikohozi cha mpiga picha wetu. Hapana hata mmoja wetu aliyevaa hedifoni kusikiliza kinachoingia. Tulipofungua kazi yetu ofisini, kiapo kizima kilikuwa ngurumo tupu.

Wakubwa walitukaripia kidogo, mambo yakaisha. Miezi saba baadaye ikaja barua ya mzazi mmoja. Mwanawe, ambaye alikula kiapo siku ile, alikuwa amefariki akiwa kazini. Mama huyo hakudai chochote ila jambo moja: apewe nakala ya sherehe, amsikie mwanawe akitamka jina lake na kiapo chake. Tulimpelekea picha. Sauti hatukuwa nayo.

Tangu siku hiyo hatumwamini mtu asemaye kwamba filamu ni kazi ya kubonyeza kitufe.

Askari aelewa vizuri zaidi ya raia wengi maana ya kujifunza kwa mikono. Hapana kuruta anayefundishwa bunduki ubaoni peke yake. Huifungua, huipanga vipande vyake juu ya turubai, huifunga tena, mara mia, mchana na usiku, hata vidole vikajua njia pasipo macho. Kamera ni vivyo hivyo. Mpiga picha aliyefunzwa sawasawa hujua kwa mkono kitufe cha mwanga kiko wapi, kitufe cha shabaha ya lenzi kiko wapi, na kwamba weupe lazima upimwe upya kila atokapo chini ya taa za ukumbi kwenda juani, la sivyo nyuso za watu zitageuka rangi ya ndizi mbivu au rangi ya samawati. Hujua kuhesabu moyoni sekunde kumi kabla ya kuisogeza kamera, maana mhariri hawezi kukata picha ambayo haikutulia. Hujua pia kurekodi nusu dakika ya ukimya wa chumba baada ya kila mahojiano. Kila chumba kina ukimya wake, na bila ya ukimya huo sauti zikiunganishwa husikika kama zimekatwa kwa panga.

Tena kiwanja cha filamu, kwa mtu wa jeshi, si mahali pa ugeni kama adhaniavyo. Mwongozaji ndiye kamanda, lakini anayeendesha kiwanja, anayepanga ratiba, anayenyamazisha watu na kuhakikisha kila mtu yuko mahali pake, ni msaidizi wake wa kwanza, ambaye kazi yake yafanana mno na ya sajini meja. Huko nako amri hutolewa kwa utaratibu, mmoja baada ya mwingine: wa sauti hujibu kwamba anarekodi, wa kamera hujibu, kisha kibao hugongwa mbele ya lenzi. Wengi hudhani kibao kile ni pambo. La, sauti na picha hurekodiwa na mashine mbili mbalimbali, na ule mgongo wa mbao ni alama ya kuvioanisha baadaye.

Majeshi ya nchi nyingine yaliyatambua haya zamani. Mwaka 1941 jeshi la Uingereza liliunda kikosi maalumu cha filamu na picha. Watu wake walichaguliwa kutoka miongoni mwa askari wa kawaida, wengi wakapewa cheo cha sajini, wakafunzwa katika studio za Pinewood karibu na London. Walifunzwa kujaza filamu ndani ya kamera, kukadiria mwanga, na kuandika karatasi ya maelezo kwa kila picha waliyopiga: wapi, lini, nani aonekana. Kisha wakapelekwa Afrika ya Kaskazini kutembea pamoja na wapiganaji. Filamu iliyotokana na kazi yao juu ya vita vya El Alamein, iitwayo Desert Victory, ilitolewa mwaka 1943 ikapata tuzo ya Oscar. Baadhi ya wapiga picha hao hawakurudi.

Hatusemi kwamba kila walichofanya ni cha kuigwa. Katika filamu hiyo hiyo, sehemu ya shambulio la usiku ilitengenezwa upya studioni Pinewood, kwa kuwa gizani jangwani kamera za siku zile hazikuweza kuona kitu. Watazamaji hawakuambiwa. Sisi twaona hilo lilikuwa kosa, japokuwa nia ilikuwa njema. Ofisa wa uhusiano akiruhusu tukio moja la kuigiza lipite kama la kweli, siku ya pili hata la kweli halitaaminiwa, na katika zama hizi ambapo kompyuta yaweza kumfanya mtu aseme maneno asiyoyasema kamwe, hatari hiyo imekuwa kubwa mara nyingi zaidi.

Kwa ndugu zetu polisi, sehemu nyingine ya habari ya kikosi kile ina uzito wa pekee. Mwezi Aprili 1945 masajini hao waliingia pamoja na jeshi katika kambi ya mateso ya Bergen-Belsen huko Ujerumani. Waliyoyakuta hatutayaeleza hapa. Waliyapiga picha, na filamu yao ilionyeshwa mahakamani katika mji wa Lüneburg mwaka huo huo, wakati walinzi wa kambi waliposhitakiwa. Mwongozaji Alfred Hitchcock, alipoitwa kutoa ushauri juu ya filamu kubwa iliyokusudiwa kutengenezwa kutokana na picha za kambi hizo, alisisitiza zitumike picha ndefu zisizokatwa, zenye kuonyesha wahanga na mashahidi kwa pamoja, ili asitokee mtu wa kudai kwamba vitu hivyo viliunganishwa mezani. Ofisa wa upelelezi anayerekodi mahali pa tukio aweza kuchukua funzo hilo kama lilivyo. Anza mbali, onyesha nyumba na barabara, ingia polepole bila ya kuzima kamera, onyesha kitu, rudi tena mbali. Faili la asili lisiguswe. Yeyote atakaye kukata au kung'arisha afanye hayo katika nakala. Na jina la kila aliyelishika faili liandikwe daftarini, kama vile liandikwavyo jina la aliyechukua bunduki ghalani.

Sasa tuje barani kwetu, maana ingekuwa aibu kuzungumza juu ya Pinewood tu.

Mwaka 1967, wakati chama cha PAIGC kilipokuwa kikipigana na Wareno katika Guinea-Bissau, Amílcar Cabral aliwachagua vijana wanne, Flora Gomes, Sana Na N'Hada, Josefina Crato na José Bolama Cobumba, akawapeleka Cuba kujifunza filamu katika taasisi ya sinema ya nchi hiyo, ambako Santiago Álvarez aliongoza utengenezaji wa filamu za habari. Fikirini, ndugu zetu. Jeshi la msituni, lisilo na dawa za kutosha, lapunguza watu wanne na kuwatoa vitani kwa miaka. Bila ya shaka walikuwapo makamanda walionung'unika kwamba watu hao wangefaa zaidi wakibeba risasi. Vijana hao walirudi mwaka 1972. Tarehe 20 Januari 1973 Cabral aliuawa mjini Conakry. Na tarehe 24 Septemba mwaka huo uhuru ulipotangazwa katika ardhi iliyokombolewa, miongoni mwa waliokuwapo na kamera mabegani walikuwamo wananchi wenyewe wa nchi hiyo.

Mpango ule haukuishia hapo. Flora Gomes alitengeneza Mortu Nega mwaka 1988, filamu ndefu ya kwanza ya hadithi katika Guinea-Bissau huru, na Sana Na N'Hada alitoa filamu yake Nome mwaka 2023, zaidi ya miaka 50 tangu arudi kutoka mafunzoni. Humo aliingiza picha za zamani za siku za vita. Mbegu moja iliyopandwa 1967 ingali yazaa.

Lakini iko sehemu chungu. Filamu nyingi za vita vile ziliharibika ghalani kwa joto, unyevu na uzembe, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1998 na 1999 mjini Bissau vikamaliza nyingine. Kilichosalia kilipelekwa Berlin, ambako mwaka 2012 kilihamishiwa katika kompyuta ili kisipotee kabisa. Waliofunzwa kupiga picha walikuwapo. Aliyefunzwa kutunza hakuwapo, au hakupewa chumba chenye baridi na umeme wa uhakika. Twaomba jambo hili likumbukwe na kila mkuu wa kikosi anayedhani kununua kamera kumetosha.

Msumbiji nao walipita njia kama hiyo. Mara tu baada ya uhuru wa 1975, serikali ya Samora Machel iliunda Taasisi ya Taifa ya Sinema, ikakusanya vijana ambao wengi wao walikuwa hawajapata kugusa kamera, ikawafundisha kazini. Kuanzia mwaka 1981 vijana hao walitoa kila juma filamu fupi ya habari iitwayo Kuxa Kanema, iliyozungushwa nchini hata vijijini kwa magari ya sinema. Kabla ya hapo, mwaka 1978, Mfaransa Jean Rouch alikuja Maputo na kamera ndogo za Super 8, akawafundisha wanafunzi kwa namna iliyotupendeza sana tuliposoma habari zake: asubuhi hupiga picha, mchana husafisha filamu na kuikata, jioni huionyesha mbele ya watu wale wale waliopigwa. Mwanafunzi alihukumiwa siku hiyo hiyo na watazamaji wasiomwonea haya. Hata Jean-Luc Godard aliitwa mwaka huo kutoa ushauri juu ya televisheni, akaandika mawazo mengi mazuri, akaondoka; televisheni aliyoiwaza haikuanzishwa. Wataalamu wa namna hiyo twawafahamu hata siku hizi. Ama taasisi yenyewe, vita na ufukara viliidhoofisha, na mwaka 1991 moto uliteketeza sehemu kubwa ya jengo lake.

Hapa Uganda mambo yameenda kwa njia mbili, na tungependa kuzipima zote mbili.

Njia ya kwanza ni ya Maisha Film Lab. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 2004 na Mira Nair, mwongozaji mzaliwa wa India ambaye ameishi Kampala kwa miaka mingi, na mafunzo yake ya kwanza yalifanyika mwaka 2005. Vijana wa Uganda, Kenya, Tanzania na Rwanda huchaguliwa kwa maandishi yao, hawatozwi ada, huketi na walimu ambao wenyewe ni watengenezaji wa filamu, huandika, huandika upya, kisha baadhi yao hupewa kamera na kikundi cha kutengenezea filamu fupi. Ubora wa njia hii ni mwalimu mzuri na ukali wa kazi ya maandishi. Udhaifu wake, kwa maoni yetu, ni ufupi wa muda. Majuma machache yaweza kuwasha moto, lakini kuni za kuuendeleza kijana lazima azitafute mwenyewe, na wengi hawazipati.

Njia ya pili iko Wakaliga, kitongoji cha watu wa kipato cha chini hapo hapo Kampala. Isaac Nabwana, ambaye zamani alifyatua matofali, alianzisha huko mwaka 2005 karakana yake ya filamu. Kompyuta aliziunganisha mwenyewe kwa vipuri vya mitumba. Dauda Bisaso, fundi wa chuma, aliunda kreni ya kamera na bunduki za bandia kwa vyuma chakavu. Mwaka 2010 walitengeneza Who Killed Captain Alex?, hadithi ya kapteni wa jeshi aliyetumwa kuwakomesha majambazi na akauawa pasipo kujulikana nani aliyemwua. Yasemekana gharama zake hazikufika dola 200. Sisi kama maofisa tumeitazama, na yatupasa kukiri kwamba mbinu za kivita za humo zingemfanya mkufunzi yeyote wa shabaha alie machozi: watu hupiga risasi kutoka kiunoni na helikopta huruka kana kwamba imechorwa na mtoto. Lakini tulicheka, na tuliitazama mpaka mwisho. Imetazamwa na mamilioni ya watu duniani kwa njia ya intaneti, na mwaka 2019 filamu nyingine ya Nabwana, Crazy World, ilionyeshwa katika tamasha kubwa la Toronto nchini Canada.

Nguvu ya Wakaliga ni kwamba mwanafunzi hangoji. Aliyekuja kuigiza leo, kesho ashika taa, keshokutwa abeba maikrofoni, na juma lifuatalo yuko karibu na mhariri akimtazama mikono. Kosa likifanyika laonekana jioni hiyo hiyo. Watoto wa mtaa hujifunza pamoja na wakubwa. Na udhaifu wake? Filamu ya Kapteni Alex yenyewe ni jibu. Ilipokwisha, mwenyewe aliifuta picha ya asili kutoka katika kompyuta ili apate nafasi ya filamu iliyofuata. Zilizobaki ni nakala zenye ubora hafifu. Hatumlaumu mtu ambaye diski moja ilikuwa mali yake yote. Jeshi lenye bajeti, hata hivyo, halina udhuru huo. Kanuni ya kazi ni nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na nakala moja ikae nje ya jengo. Gharama ya diski mbili za ziada haizidi bei ya magurudumu ya gari moja la ofisi.

Kuna wanaosema kwamba ya nini taabu yote hii, wageni wenye ujuzi wapo, tuwaite. Naam, wamekuja. Mwaka 2005 filamu ya The Last King of Scotland ilipigwa hapa hapa kwetu, juu ya utawala wa Idi Amin, yaani juu ya sura ya historia yetu ambayo ndani yake kuna jeshi kila mahali. Forest Whitaker, Mmarekani aliyemwigiza Amin, alijifunza Kiswahili kwa ajili ya kazi hiyo, jambo tunalomheshimu nalo, na mwaka 2007 akapokea Oscar. Lakini hadithi ilitungwa na Mwingereza, shujaa wake ni daktari wa Kiskoti, mwongozaji na mpiga picha mkuu walitoka Ulaya. Waganda wengi walionekana mbele ya kamera, na wachache walikuwa nyuma yake katika nafasi za kuamua. Hali ilikuwa ya namna hiyo tangu kale: kati ya 1935 na 1937, katika kijiji cha Vugiri kwenye milima ya Usambara, Waingereza walitengeneza filamu 35 za kuwafundisha Waafrika wa nchi hizi ukulima, afya na kulipa kodi, na hadithi zake walizitunga wao. Wazee wetu wa King's African Rifles waliopigana Burma nao walipigwa picha nyingi, na katika maelezo ya nyingi ya picha hizo wameandikwa tu "askari wa Afrika", bila ya jina.

Jina la askari na liandikwe. Hilo ndilo linalotusumbua kuliko Oscar. Wanajeshi wetu walitua Mogadishu mwezi Machi 2007, na kwa miaka mingi wamefanya huko kazi ambayo wajukuu wao watataka kuiona. Sehemu kubwa ya picha nzuri za miaka ile zilipigwa na wapiga picha wa kigeni walioajiriwa na mashirika ya kimataifa. Walifanya kazi nzuri na ya ushujaa, twawashukuru. Mkataba wao ulipokwisha, walikwenda na ujuzi wao.

Kwa hiyo twapendekeza nini? Kwanza, wanaofunzwa wasiwe maofisa peke yao. Ofisa huhamishwa kila baada ya miaka miwili au mitatu, naye hupandishwa cheo akaenda kuketi mezani. Koplo na sajini ndio wanaobaki na mikono yao. Pili, semina za siku tatu zipunguzwe. Twajua kwamba semina ina picha ya pamoja, chai na vyeti, na kwamba taarifa yake huandikika vizuri. Lakini mpiga picha wa kutegemewa, kwa kadiri tulivyoona, hapatikani chini ya mwaka mmoja wa kazi ya kila siku chini ya mtu anayemzidi. Afadhali watu sita kwa mwaka mzima kuliko watu mia kwa siku tatu. Tatu, pasiwe na jeshi na polisi kila mmoja na karakana yake dhaifu. Fundi wa sauti wa jeshi na fundi wa sauti wa polisi hutumia maikrofoni ile ile.

Makamanda wengine watauliza habari za siri. Swali hilo ni la haki. Kamera katika mkono usiofunzwa huonyesha nambari za magari, ramani ukutani, na uso wa mtoa habari. Jawabu letu ni kwamba simu za askari tayari zinafanya hayo kila juma, na mpiga picha aliyefunzwa ndiye pekee anayejua kutazama kilichoko nyuma ya kichwa cha anayehojiwa kabla ya kuwasha. Wengine watasema kamera hii hii siku moja itamrekodi askari wetu akikosea. Ndiyo, itamrekodi. Raia watatu waliosimama kando watamrekodi pia, nao hawataanza kurekodi tangu mwanzo wa tukio.

Liko pia suala la maisha baada ya sare, ambalo vijana wengi hutuuliza kimyakimya. Askari anayestaafu na miaka 40 au 45, ujuzi wake wote ukiwa ni ulinzi, huishia getini kwa kampuni za binafsi. Mfaransa Pierre Schoendoerffer alikuwa mpiga picha wa jeshi katika Indochina; alitekwa Dien Bien Phu mwaka 1954, akafungwa, akaachiwa, na ujuzi alioupata jeshini ukamlisha maisha yake yote. Filamu yake juu ya kikosi kimoja cha Wamarekani huko Vietnam ilipata Oscar. Hatuwaahidi ninyi Oscar. Lakini harusi za Kampala, Mbarara na Gulu hurekodiwa kila Jumamosi, vituo vya televisheni vyahitaji watu wa sauti kuliko watangazaji, na wapiga kamera wanaoweza kuamka saa kumi alfajiri na kufika mahali kwa wakati ni wachache. Mwajiri mmoja alituambia kwamba humfundisha mtu kamera kwa mwaka, ila kuwahi kazini hajui amfundishe vipi.

Katika ofisi yetu tulikuwa na koplo mmoja. Kabla ya kujiunga alikuwa akimsaidia mjomba wake kurekodi harusi, na tulipomgundua alikuwa akikata majani mbele ya ofisi. Tulimpa kamera ile ile iliyotuaibisha. Jambo la kwanza alilofanya ni kuivalisha maikrofoni kofia ya manyoya dhidi ya upepo, aliyoishona mwenyewe kwa kipande cha zulia. Kwa miezi 14 amerekodi sherehe za kufuzu mbili, mazishi tisa, na ushahidi wa ajali moja uliokubaliwa. Kila kiapo chasikika, neno kwa neno, na nakala tatu za kila kazi zimeandikwa majina. Alikuwa ameanza kuwafundisha makuruta wawili.

Mwezi uliopita ilikuja amri ya uhamisho. Anakwenda kulinda ghala la mafuta. Tumeandika kuomba arudishwe, au angalau abaki mpaka makuruta wale wawili wamalize mwaka wao, na jibu twalingoja. Sherehe ya kufuzu ijayo iko baada ya majuma matano.